Kung'oa wedelia bustanini, shambani na ufukweni: mwongozo wa Unguja na Pemba

Wengi wanaoniita kuitazama wedelia huwa washaing'oa mara moja. Waliweka vibarua, wakalipa, bustani ikabaki udongo mtupu, kisha masika yakaingia na majani yakarudi mazito kuliko mwanzo. Swali lao ni lile lile: nipige dawa gani? Jawabu langu huwakera, maana hapo dawa haina la kufanya. Mmea huu husafiri kwa vipande vya shina. Waliukatakata kwa majembe, wakavifukia vipande, mvua ikamaliza kazi. Kwa hivyo mwongozo huu utazungumza sana juu ya vipande: vinatoka vipi, vinakwenda wapi, na vinafanywa nini vikifika huko. Kuvuta ndiyo sehemu nyepesi.

Kwa asiyeijua: wedelia, ambayo wataalamu huiita Sphagneticola trilobata na vitabu vya zamani viliiandika Wedelia trilobata, ni mmea wa kutambaa wenye maua ya manjano. Unaishi miaka, haufi kwa msimu. Kwao ni Meksiko, Amerika ya Kati, visiwa vya Karibi na nchi za joto za Amerika ya Kusini. Watu waliuchukua na kuusambaza kwa sababu za kueleweka kabisa: unafunika ardhi upesi, unashika udongo, unatoa maua karibu mwaka mzima, unavumilia jua, kivuli, chumvi ya bahari na hata maji yaliyotuama. Sifa hizo hizo ndizo zilizouingiza katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya viumbe vamizi 100 vibaya kabisa duniani.

Kuna atakayeniambia mbona mkarafuu nao mgeni. Kweli, kwao ni visiwa vya Moluku huko Indonesia, na muhogo tunaokula umetoka Amerika ya Kusini. Sina ugomvi na mgeni. Ila mkarafuu ukiupanda Mkoani, kule Pemba, hauruki ua kwenda kwa jirani. Wedelia imekaa zaidi kama kunguru, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka, na leo hakuna anayeuliza nani mwenye jaa.

Hatua ya 1: Hakikisha ni yenyewe

Usianze kung'oa kwa kuona ua la manjano tu. Ufukweni na mashambani kwetu kuna mimea kadhaa yenye maua hayo, na mmojawapo ni wa pwani yetu wenyewe.

Chuma tawi moja ulitazame. Jani la wedelia ni nene kidogo, linang'aa juu, na kwa kawaida lina ncha tatu: moja kubwa mbele na mbili ndogo ubavuni. Majani hukaa mawili mawili, yakitazamana kwenye shina. Ua linasimama peke yake juu ya kikonyo kirefu, mfano wa alizeti ndogo, na si ajabu kwani ni ukoo mmoja. Petali zake huwa baina ya 8 na 13, na ncha ya kila petali imechongeka vijino. Sasa fuata shina chini. Kila kifundo kilichogusa ardhi kimetoa mizizi. Ukiona hayo yote kwa pamoja, ndiyo yenyewe.

Unaoweza kukuchanganya zaidi ni Melanthera biflora, mmea wa asili wa fukwe za Bahari ya Hindi. Nao una ua la manjano la ukoo huo huo, na hutambaa na kupanda juu ya vichaka. Lakini jani lake ni pana, lina meno pembezoni na halina zile ncha tatu, na ukilipitisha kidole unalisikia linakwaruza. Huo uache. Umekaa hapo kabla ya hoteli ya mwanzo kujengwa.

Mwengine ni Tridax, kijigugu chenye manyoya, kikonyo kirefu chembamba na ua dogo lililopauka. Nacho ni mgeni kutoka Amerika, lakini hakifanyi zulia. Na siku hizi wapo wanaopanda njugu ya mapambo kutoka Brazili, Arachis pintoi: ua lake ni la umbo la ua la kunde, na kila jani lina vijani vinne kama njugu nyasa. Hiyo ni habari nyengine kabisa, na kwa shamba la migomba ina faida yake. Usiing'oe kwa hasira za wedelia.

Hatua ya 2: Chagua msimu, kisha chagua mwisho wa kazi

Msimu mzuri ni kiangazi cha kaskazi, Januari na Februari. Jua kali, upepo mkavu, na kipande utakachokiacha kwa bahati mbaya kina nafasi kubwa ya kufa kabla ya kushika. Ukikosa hapo, fanya baina ya Juni na Septemba wakati wa kusi, mvua zikiwa zimepungua. Wakati wa masika, yaani Machi mpaka Mei, usiguse. Najua udongo unakuwa laini na shina linatoka kama limepakwa mafuta, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kila kinachokatika siku ya mvua ni mche mpya.

Kama ardhi ni kavu mno na mashina yanakatika juu, mwagia maji sehemu ndogo jioni, ung'oe asubuhi. Mwagia utakapofanya kazi siku hiyo tu, si uwanja mzima.

Kabla ya kuanza, jua utaishia wapi. Eneo dogo lililosafishwa sawasawa na kufuatiliwa lina maana kuliko eka nzima iliyopitiwa juu juu. Mwenye hoteli akiniambia anataka mbele yote isafishwe kabla wageni wa Julai hawajaja, namuuliza atakuwa na nani wa kukagua Agosti. Akinyamaza, tunaanza na kipande cha karibu na ufukwe, kwingine kunasubiri.

Jambo la malipo pia liamue mapema. Mimi napendelea kulipa vibarua kwa siku. Anayelipwa kwa ukubwa wa eneo atakimbilia kumaliza, na atakuwa na haki. Wewe ndiye uliyepanga bei ya haraka.

Hatua ya 3: Tayarisha vifaa

Utahitaji glavu nene, viatu vya kufunika mguu, jembe la meno, kiserema kwa sehemu za kubana, panga moja la kukatia mpaka tu, magunia mazima yasiyotoboka, turubai mbili, na mtaimbo kama uko kwenye maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe. Glavu na viatu si mapambo. Chini ya zulia la wedelia kuna unyevu na giza, na tandu wanapapenda. Kwenye viwanja vya zamani utakuta pia vioo na misumari.

Fyekeo na mashine ya kukatia majani vibaki stoo. Hakuna kinachosambaza mmea huu kuliko mashine ya majani: inaukata vipande vya urefu wa kidole, inavirusha kila upande, na vyengine vinaondoka vimeganda chini yake mpaka bustani ya pili. Kama bustani yako ina mtunza bustani anayefyeka kila wiki, mweleze yeye kwanza kabla hujamweleza mtu yeyote.

Hatua ya 4: Tenga mpaka

Zunguka eneo lote kwa panga au kiserema, ukikata mashina yanayotoka nje. Kisha ondoa kila kilicho nje ya mstari huo, mpaka ubakie na ukanda mtupu wa upana wa mita moja hivi. Sasa una kisiwa. Kazi yote iliyobaki itakwenda kutoka kwenye ukingo kuelekea katikati, usianze katikati hata kidogo. Ukianza kati utakuwa unakanyaga na kuburuta mashina kwenye sehemu uliyokwishaisafisha.

Tandaza turubai moja kwenye ukanda mtupu. Kila kinachotoka ardhini kinawekwa juu yake, hakiwekwi pembeni "kwa muda". Huo muda ndio unaoota mizizi.

Hatua ya 5: Kung'oa kulingana na udongo

Kwenye kichanga, hususan pwani ya mashariki kutoka Matemwe mpaka Makunduchi, kuvuta ni rahisi lakini kunadanganya. Shina linatoka refu, unafurahi, kumbe chini limebaki jengine lililofukiwa na mchanga wa upepo. Baada ya kuvuta, pitisha jembe la meno kina cha kiganja kizima, uchekeche mchanga kwa vidole. Utashangaa.

Kwenye kinongo, ule udongo mwekundu wa mashamba ya katikati na magharibi, mizizi hushika kweli kweli. Usivute shina kwa urefu wake. Tafuta kifundo, ingiza meno ya jembe pembeni, nyanyua, halafu utoe kifundo pamoja na mizizi. Nenda kifundo kwa kifundo. Inachosha mgongo, na vibarua watataka kugeuza jembe walime. Usikubali. Kulima wedelia ni kuipanda.

Chini ya mikarafuu kuna tahadhari yake. Mizizi ya mkarafuu inayotafuta chakula iko juu juu, kwa hivyo ndani ya kivuli cha mti tumia mkono na kiserema kidogo tu. Kazi hiyo ina malipo yake: zulia likiondoka, karafuu zinazoanguka wakati wa kuchuma zinaonekana na zinaokoteka.

Maweni ndiyo mtihani. Kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, shina linaingia kwenye tundu na kutokea kwengine, na mzizi umejikunja ndani ambako hakuna chombo kinachofika. Ukivunjavunja jiwe kwa mtaimbo utaharibu mengi na huenda usilipate. Ninachofanya ni kutoa kila kinachotoka bila kulazimisha, kuweka alama kwenye tundu kwa kijiti, na kurudi kila wiki kung'oa kichipukizi kikiwa bado na majani mawili. Shina lisiloruhusiwa kupata jani linakula akiba yake mpaka linaisha. Inataka subira ya miezi. Anayekuahidi haraka zaidi ya hapo kwenye maweni, muulize atatumia nini, halafu usome hatua ya dawa hapa chini kabla hujamlipa.

Kwenye miteremko, Pemba zaidi, usisafishe kilima chote kwa pamoja. Wedelia kwa ubaya wake wote imeshika ule udongo, na ukiitoa yote mwezi wa pili, masika yatauteremsha udongo bondeni. Safisha kwa mikanda inayokata mteremko, upana wa mita moja na nusu hivi, ukiacha mkanda mmoja kati ya kila miwili. Panda kitu kwenye mkanda mtupu (nitakuja huko), na kikishafunika ndipo urudie mkanda ulioachwa. Baina ya hapo na hapo utalazimika kukata kingo za mikanda iliyobaki kila wiki, kwa sababu haitasubiri ruhusa yako kuvuka.

Hatua ya 6: Mabaki

Hapa ndipo kazi nyingi zinapokufa, na mara nyingi zinakufa mbali na macho ya mwenye bustani. Gari linapakiwa, linaondoka, kila mtu anapeana mkono. Linakwenda wapi? Ukitaka jawabu, tembea pembezoni mwa barabara za mashamba, kwenye mashimo ya mawe yaliyoachwa, kwenye mitaro inayoshuka kwenye mabonde ya mpunga. Zulia la manjano mahali pasipo na nyumba karibu mara nyingi lilifika hapo ndani ya gunia.

Mwambao wa Ghuba ya Chwaka na Jozani, bonde la Cheju, ukingo wa Msitu wa Ngezi: hizo ni sehemu ambazo taka za bustani hazitakiwi kuzisogelea kabisa. Ardhi ya unyevu ndiyo raha yake. Kwenye msitu itakaa chini ya miti na kuzuia miche isitoke. Mmea huu hauzibi jua tu. Utafiti uliofanywa kwenye nchi nyengine umeonyesha kwamba unatoa kemikali zinazodumaza uotaji wa mimea jirani.

Basi, ua vipande hapo hapo ulipoving'oa. Njia ninazoziamini ni tatu.

Ya kwanza ni bati. Tafuta mabati machakavu au sakafu ya saruji, tandaza mabaki tabaka jembamba juani, geuza kila siku. Usitandaze juu ya ardhi, na juu ya maweni pia hapana, kwa sababu vinaangukia kwenye matundu. Majani yatakauka mapema na kukudanganya. Chukua shina nene kuliko yote ulivunje: likijikunja na kutoa unyevu, bado liko hai, likikatika kwa mlio mkavu, tayari. Rundo zima liwe hivyo, ndipo ulichome au ulitumie. Kama unakusudia kuchoma karibu na makuti au ufukweni, mwambie sheha kwanza, uangalie na upepo. Kaskazi ikipiga, cheche moja inatosha kumaliza banda.

Ya pili ni pipa, na ndiyo inayofaa kama mvua imekukuta katikati ya kazi. Jaza mabaki kwenye pipa, weka jiwe juu yazame, jaza maji, funika kabisa. Kufunika ni kwa sababu mbili: giza linasaidia kuua, na mbu hawapati pa kutagia. Acha wiki sita au zaidi, mpaka mashina yawe uji unaonuka. Harufu yake haiombwi, kwa hivyo pipa liwe mbali na jiko la watu. Maji yake mwagia migomba.

Ya tatu ni kufungia kwenye magunia ya plastiki mazito au chini ya turubai nyeusi iliyokazwa pande zote, juani, mpaka vioze. Hii inachukua nafasi kidogo lakini ina udhaifu mmoja: panya au msumari akitoboa, unyevu unatoka, mwanga unaingia, na kwenye tundu hilo hilo utaona jani la kijani likichungulia.

Mboji mbichi usitengeneze. Mbuzi pia sikushauri uwapelekee mizigo. Wataacha mashina mazito na kuyakanyagia kwenye udongo wenye samadi na mkojo, na hakuna kitalu kizuri kushinda hicho.

Ukimaliza kila siku, kung'uta turubai ndani ya eneo chafu, siyo njiani. Safisha meno ya jembe. Angalia nyayo za viatu na pindo za suruali. Ufagio wa mwisho upite pale gunia lilipoburutwa.

Hatua ya 7: Kama eneo ni kubwa mno, funika

Pale ambapo mikono haitoshi, na ardhi ni tambarare ya kichanga au kinongo, unaweza kuifunika. Kanyaga au laza mashina chini bila kuyakata, tandaza turubai nene nyeusi isiyopitisha mwanga, ipite ukingo wa mmea kwa nusu mita kila upande, kisha fukia pindo zake ardhini. Mawe juu hayatoshi. Shina litatafuta upenyo na litaupata. Acha isipungue miezi miwili ya jua kali, na zaidi kama pana kivuli. Kabla ya kufunua yote, funua pembe moja, fukua kifundo. Kikiwa cheupe ndani, rudishia.

Njia hii haifai kwenye ufukwe ambako kasa hupanda kutaga, na haifai juu ya mizizi ya mti unaoupenda.

Kuhusu dawa

Sijaitilia namba hatua hii kwa makusudi. Glaifoseti hutumika kwenye nchi nyengine kuua wedelia, na hata huko hupigwa kwa kurudia, maana majani yanakauka na vifundo vya chini vinachipua tena. Kwetu nina sababu mbili za kuikwepa. Ardhi yetu ya maweni ni chujio bovu: kinachomwagwa juu kinapenya matundu ya mawe na kufika haraka kwenye maji ya chini ambayo visima vinayachota. Na mwenye shamba la viungo anayeuza kwa wanunuzi wa bidhaa za kilimo hai anaweza kupoteza soko kwa pampu moja ya mgongoni. Kama hata hivyo umeamua, zungumza kwanza na bwana shamba wa eneo lako, usipige karibu na kisima, mtaro wala bwawa, usipige siku ya upepo au ya mawingu ya mvua, na soma lebo ya chupa yenyewe. Dawa ya kupimwa kwa kifuniko cha soda na kuuzwa kwenye chupa ya maji usiinunue.

Hatua ya 8: Kurudi, na kurudi tena

Wedelia hutoa mbegu chache zinazoota, na hiyo ndiyo bahati yetu. Maana yake ni kwamba ardhi haina akiba ya miaka mingi ya mbegu kama yalivyo magugu mengi. Kinachorudi kinatoka kwenye kipande, na vipande vina mwisho.

Mwagia maji eneo ulilosafisha, au subiri mvua ndogo ya kwanza, kisha rudi baada ya wiki mbili. Usiende mchana wa jua. Nenda asubuhi mapema, jua likiwa chini na majani yanang'aa. Utaona majani mawili yanayotazamana yakitoka. Usiyavute kwa kucha. Chimba ukione kipande chenyewe kilichoyazaa, ukitoe kizima.

Endelea kila wiki mbili mpaka masika yaishe, halafu kila mwezi mpaka vuli ipite. Ukikaa mwezi mzima wa mvua bila kuona jani, punguza. Fuata pia maji yanakokwenda: mtaro, bomba la paa, njia ya kuteremkia pwani. Kipande kilichochukuliwa na mvua hakitakaa pale ulipokitafuta.

Hatua ya 9: Jaza nafasi

Ardhi tupu haitabaki tupu, kwa hivyo wewe ndiye wa kuchagua. Panda masika yakianza, kama ulisafisha kwenye kiangazi.

Ufukweni, juu ya mstari wa maji ya bamvua, hakuna kinachoishinda mlakasa, ule mtambaazi wenye jani lililogawanyika mfano wa kwato ya mbuzi na ua la zambarau. Unashika mchanga, hauogopi chumvi, na ni wa hapa hapa. Kata tambo la urefu wa mkono kutoka pwani ya karibu, mahali ulipo mwingi, lifukie nusu yake na vifundo viwili au vitatu viwe chini. Chini zaidi, panapofikiwa na maji ya chumvi, tumia mboga pwani yenye majani manene ya maji. Wageni wa hoteli hupiga picha mlakasa ukichanua asubuhi. Mwenye hoteli anayetaka lazima manjano, mwambie asubiri auone kwanza.

Ndani zaidi, ukoka unatosha kwa uwanja unaokanyagwa. Penye kivuli cha minazi na migomba, viazi vitamu ndivyo ninavyoviweka mbele, kwani vinafunika ardhi upesi kabla wedelia haijapumua, na matembele unayala unaposubiri viazi. Kwenye miteremko, ile mikanda niliyoitaja, panda viazi kati na msitari wa mchaichai kwenye ukingo wa chini. Mchaichai ukishajaa unashika udongo unaoteremka, na tambo lolote la wedelia linalojaribu kuvuka litaonekana juu yake mapema.

Kwa anayetaka kubaki nayo

Wapo, na sitagombana nao. Kama uko mjini, ua wako umezungukwa na saruji pande zote na hakuna mtaro unaotoka, iweke kwenye chungu au kitalu cha kuta, ikate kwa mkasi kabla haijaning'inia, na unachokata kipite kwenye pipa kama nilivyoeleza. Usimpe shoga yako tawi akapande Paje. Mwenye kiwanja cha pwani, cha karibu na msitu au juu ya bonde, sina namna ya kumshauri aipande.

Na mpaka wa jirani. Kama upande wake bado umejaa, zungumza naye kabla ya kazi, siyo baada, na umwombe ukanda wa mita moja upande wake muusafishe pamoja. Akikataa, chimba mfereji wa kina cha kiganja kwenye mpaka, uujaze kokoto, upitie kila wiki ukikata kinachovuka. Angalia vile vile gari za udongo na kifusi zinazoingia kwako. Kabla dereva hajamwaga, panda nyuma uchimbechimbe kwa mkono. Ukiona shina la kijani lenye mizizi kwenye vifundo, mrudishe na udongo wake.